Dirisha la Kadzo Baya

Kadzo Baya alifika uwanjani saa kumi na moja kasoro robo, Jumatano moja ya Julai 1995, akakuta jivu bado lina joto. Alichuchumaa. Uzi wa nailoni hauungui ukawa jivu; huyeyuka na kuganda chini kama lami, kwa hiyo aliweza kuona kila mahali ulipokuwa umetundikwa. Fito mbili za mkoko zilikuwa zimeungua nusu. Soksi tatu zilizojazwa mchanga zilikuwa zimepasuka. Mpira mmoja, uliokuwa umepakwa rangi nyekundu ya mashua upande mmoja, ulikuwa umekunja ngozi yake na kuonyesha matumbo. Vitambaa havikubaki kabisa.

Mlinzi wa shule alisimama karibu na ukuta wa choo, ameshika kopo la mafuta ya taa.

"Nani kachoma?"

"Mimi, Mwalimu."

"Nani kakwambia uchome?"

"Bwana Katibu. Alikuja kukagua uwanja kwa ajili ya Jumamosi. Alinambia nisiguse kwa mkono mtupu." Akainua mikono. Alikuwa bado amevaa mifuko ya plastiki, ameifungia kwa uzi penye vifundo vya mikono.

Kadzo aliitazama mifuko ile kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jivu.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Tangu 1979 alishona nyavu Liwatoni, katika banda refu la kiwanda cha samaki, amekaa juu ya gunia, sindano ya mbao mkononi, wavu ameushika kwa kidole gumba cha mguu. Jioni aliwafundisha wasichana wa sekondari softiboli katika uwanja wa shule moja ya msingi upande wa kisiwani wa Makupa, mahali ambapo lazima upaze sauti ili uyashinde malori.

Mchezo huo aliujua sekondari, kwa mwalimu wa kigeni wa kujitolea aliyekaa miaka miwili akaondoka, akaacha mipira mitatu na kitabu cha picha. Softiboli ya kasi hurushwa kutoka chini. Mkono huzunguka duara zima kando ya mwili na mpira huachiliwa penye nyonga. Mpigaji, na gongo lake, yuko futi arobaini mbele. Kitabu kilimwonyesha Kadzo mkono unapoanzia na unapoishia. Kurasa za katikati, zilizoonyesha kazi ya kifundo cha mkono, mchwa walikuwa wamezila. Pengo hilo alilijaza kwa nguvu. Alirusha mipira mia moja na sitini kwa siku kwenye ukuta, miaka saba, mpaka alipotimiza ishirini na minne na bega likakataa. Tangu hapo huchana nywele kwa mkono wa kushoto.

Vifaa vyake vyote vilitokana na kuumia huko. Soksi ya mchanga ilimlazimisha msichana kutumia kifundo badala ya bega. Mpira wa rangi mbili ulimwonyesha mrushaji, kwa macho yake mwenyewe, kama ameuzungusha vizuri: ukizunguka sawasawa, rangi hujipanga, ukiyumba, huvurugika. Na dirisha lilikuwa kazi ya miezi.

Mpira halali hupita juu ya besi ya nyumbani, kile kibao kilicholazwa mbele ya mpigaji, kati ya kwapa na magoti ya mpigaji. Nafasi hiyo haina mipaka inayoonekana. Mwamuzi huibeba kichwani. Kadzo aliitengenezea fremu: fito mbili, nyuzi nne za nailoni, na nyuma yake kipande cha wavu kuukuu cha kuzuia mipira. Wasichana wakaiita dirisha. Penye nyuzi alifunga vitambaa kwa fundo la wavu, ambalo halilegei hata likipigwa siku nzima. Chekundu kilikuwa juu, penye kwapa. Cheusi chini, penye goti. Cheupe kilikuwa katikati, na kilikuwa cha mpira wa polepole: mkono unazunguka kwa kasi ileile, lakini mpira unachelewa, na mpigaji anapiga hewa.

Vitambaa vilitoka katika leso ya marehemu mamake, Kanze. Ilikuwa kisutu, leso ya harusi, ya rangi hizo hizo tatu, ambayo ni vigumu kukuta nyumba ya Mombasa isiyokuwa nayo kabatini. Leso huuzwa mbili mbili. Moja ilikuwa imechakaa. Akaikata kwa kuchagua, hapa palipozidi nyekundu, pale nyeusi, pale nyeupe. Ya pili, nzima, aliiweka.

Mrushaji wake alikuwa Becky Auma, binti wa mfanyakazi wa reli, kidato cha tatu, mikono mirefu na ulimi usiokaa. Mdakaji, anayechutama nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira, alikuwa Mwanarusi wa Mji wa Kale, mtandio ameufunga kisogoni chini ya kinyago cha chuma. Katika mechi Kadzo alikaa kwenye benchi na kutaja rangi kwa sauti. "Nyeusi!" Mpira ukazama. "Nyekundu!" Ukapanda. Timu nyingine zilisikia rangi bila kujua maana yake. Msimu ule walikuwa wamefungwa mara moja tu, na Jumamosi ilikuwa fainali ya Pwani. Kadzo hakuwahi kukaa kwenye benchi la fainali, si kama mchezaji, si kama mwalimu.

Katibu aliyetoa amri ya moto, katibu wa chama cha softiboli cha Pwani, aliitwa Samuel Kenga. Alikuwa karani bandarini, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Yeye na Kadzo walikuwa Wagiriama, wote wa Kaloleni, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Babu yake Kenga alikuwa mganga aliyefuatwa na watu kutoka mbali, na mjukuu alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuhakikisha hakuna mtu afisini anayelijua hilo. Alipoona nyekundu, nyeusi na nyeupe zimefungwa mafundo kati ya miti miwili, siku tatu kabla ya fainali, aliona nguo za kilingeni. Hakuona sababu ya kuuliza.

Alhamisi alasiri Kadzo aliitwa mbele ya kamati ya chama, katika chumba cha juu ya duka moja karibu na Marikiti. Harufu ya vitunguu ilipanda mpaka dirishani. Mwenyekiti alikuwa Bi Truphosa, mwalimu mstaafu kutoka bara. Kenga alikaa kulia kwake, na karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Dada Kadzo," Kenga alianza kwa upole, "mimi na wewe twajuana tulikotoka."

"Kaloleni. Kuna basi kila saa."

"Basi usinifanye mimi mtalii. Rangi tatu. Mafundo. Soksi zina mchanga, sijui mchanga wa wapi."

"Wa Liwatoni. Nenda ukauone, umejaa tele."

"Na vimeelekezwa mashariki."

"Vimeelekezwa choo, Bwana Katibu. Pale hakuna ukuta mwingine."

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke. Kenga hakumtazama.

"Katika nusu fainali ulisikiwa ukiita 'Nyeusi, nyeusi', na mpigaji akakosa mara tatu. Ni kweli au si kweli?"

"Kweli. Alikosa kwa sababu mpira ulizama."

"Na kwa nini mpira uzame wenyewe?"

"Hauzami wenyewe. Unatoka mkononi ukizunguka kwenda mbele, unashuka. Ukizunguka kurudi nyuma, unapanda. Nimefundisha miezi saba, Bwana Katibu. Hukuja hata siku moja."

Kadzo alifungua mkoba wake na kuitandaza mezani ile leso ya pili, juu ya karatasi za kamati. "Mama Mwenyekiti, vitambaa vile vilikuwa pacha wa hii. Ni kisutu. Bibi harusi anafungwa nacho. Mamangu aliolewa nacho. Kama hiki ni uchawi, basi Mombasa nzima imezaliwa na wachawi."

Bi Truphosa aliishika leso kwa vidole viwili, akaiachia. "Mimi sijui mambo ya pwani, Kadzo. Ndiyo maana tuna katibu wa pwani."

"Si lazima uyajue. Ungeniuliza."

"Ndiyo tunakuuliza sasa."

"Sasa mmeshachoma."

Kenga aliisukuma ile karatasi mpaka kwenye pindo la leso. Ilikuwa na mistari miwili. Kadzo Baya anakiri kuweka uwanjani vitu visivyohusiana na mchezo, na anaahidi kutorudia. Akitia sahihi, atakaa na timu yake Jumamosi. Asipotia, wasichana watacheza lakini yeye hatavuka lango, na sauti yake ikisikika kutoka nje, timu itahesabiwa imeshindwa.

"Ni njia ya kukusaidia, dada," Kenga alisema. "Mambo yaishe kimya kimya."

Kadzo aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja leso, akaanza na pembe zake nne kama ambavyo mamake aliikunja, bila haraka, wote wakimngojea.

"Mimi sikuweka uchawi. Sitii sahihi."

Alishuka ngazi. Chini, kati ya mikokoteni na makapu ya ndizi, alisimama akairudisha leso mkobani.

Ijumaa, saa ya chakula, Becky alifika Liwatoni amevaa sare za shule. Washonaji wenziwe Kadzo walimkaribisha kwa kelele. Mmoja, Bi Nyevu, alimpisha kwenye gunia. "Kaa hapa, mwanangu. Lakini usimkanyagie mwalimu wako wavu, leo atakula mtu."

Becky hakukaa. "Mwalimu, tia sahihi."

Kadzo aliendelea kushona.

"Ni karatasi tu. Wateuzi wa timu ya mkoa watakuja kesho. Mimi bila wewe sijui nirushe nini. Tia, tucheze, halafu wakasirike baadaye."

"Ukiambiwa uandike kwamba umeiba, na hukuiba, utaandika?"

"Kama nitacheza, ndiyo."

Kadzo aliiweka sindano chini.

"Basi sikiliza. Ukiandika umeiba, kila kitakachopotea hapa mjini watakuja kwako. Mimi nikiandika niliweka uchawi, kila mpira utakaoutupa wewe, mpaka uzeeke, watasema si mkono wako. Watasema ni dawa ya yule Mgiriama. Wataka hivyo?"

Becky alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alipiga teke rundo la wavu na mguu ukanasa. Ilibidi Bi Nyevu amnasue, huku akimwambia kwamba samaki wengine huwa na adabu zaidi.

Kadzo alingoja mpaka mguu ulipotoka. "Mwanarusi atazitaja rangi," alisema. "Yeye yuko nyuma ya mpigaji, anaona vizuri kuliko mimi. Mwambie apaze sauti kama wanavyoitana kwao."

Jumamosi saa tisa Kadzo alisimama nje ya seng'enge, kati ya muuza njugu na baiskeli zilizoegeshwa. Askari wa lango alikuwa ameelezwa sura yake. Aliishika seng'enge kwa mikono miwili na kufunga mdomo.

Raundi ya kwanza ilikuwa mbaya. Mwanarusi aliona haya kupaza sauti mbele ya watu wote wale. Becky alirusha kwa kubahatisha, mipira ikapita mbali na besi, wapigaji wa Tudor, timu pinzani, wakapewa besi za bure mmoja baada ya mwingine. Mbio mbili, yaani pointi mbili, ziliingia bila gongo kugusa mpira. Kadzo aliona bega la Becky likianza kusukuma, lile kosa lake mwenyewe la zamani, na hakuweza kusema neno.

Raundi ya pili Mwanarusi aliinua kinyago na kuvuta pumzi. "Nyeusi!"

Mpira ulizama. Mpigaji akapiga hewa.

"Nyeusi tena, wewe! Nyeusi!"

Kenga alikuwa ameshasimama. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, kalamu zake mbili mfukoni, akamsimamisha mwamuzi. Mwamuzi alikuwa mtu mnene wa Nairobi ambaye alikuwa ameteremka kwenye treni asubuhi ile na bado alikuwa anapangusa jasho. Alimsikiliza Kenga kwa muda, uso wake haukubadilika. Kisha akamgeukia Mwanarusi.

"Msichana. Nyeusi ni nini?"

Lilikuwa swali ambalo tangu Jumatano hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza. Mwanarusi alijibu mara moja, kwa sauti ileile aliyotakiwa kuitumia, na uwanja mzima ukasikia.

"Ni chini, bwana. Magotini."

"Na kuna nyingine?"

"Nyekundu. Ni juu, kwapani. Na nyeupe ni polepole."

Mwamuzi alitingisha kichwa. "Bwana Katibu, hii ni mechi au ni kesi? Hizi ni alama tu. Kila timu inazo." Kisha akamwambia Mwanarusi, bila ukali: "Na wewe sasa umewapa wenzako alama zenu zote. Shauri yako. Tucheze."

Nje ya seng'enge Kadzo alifumba macho. Muuza njugu alimuuliza kama anaumwa.

Kujua kwamba mpira utazama hakumsaidii sana mpigaji. Bado lazima aufikie. Nyeusi na nyekundu ziliendelea kufanya kazi, na kwa raundi tano Tudor hawakupata kitu, huku wasichana wa Makupa wakipiga na kukimbia mpaka wakaongoza tatu kwa mbili. Lakini mpira wa polepole ni tofauti. Nguvu yake yote ni kwamba mpigaji hautarajii. Ukitangazwa, ni zawadi. Mwanarusi alilijua hilo na hakuutaja hata mara moja mpaka raundi ya saba na ya mwisho, mkono wa Becky ulipochoka na nyeusi zikaanza kuelea. Wachezaji wawili wa Tudor walikuwa kwenye besi. Mpigaji wao mkubwa alikuwa akiingojea kasi. Mwanarusi alisita, kisha akaita kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayenong'ona dukani.

"Nyeupe."

Mpigaji alimsikia. Alitulia, akauacha mpira umfikie, akaupiga mpaka chini ya miti ya upande wa pili. Mbio mbili. Nne kwa tatu, na hivyo ndivyo ilivyoisha.

Becky alitoka langoni ameshika glavu kwa meno. Alisimama mbele ya Kadzo.

"Kama ungekuwa kwenye benchi asingeuliza mtu," alisema.

"Kama Katibu angeuliza Jumatano," Kadzo alijibu, "ningekuwa kwenye benchi."

Wateuzi walimchukua Becky hata hivyo, kwa zile raundi tano. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, Samuel Kenga aliingia katika banda la nyavu Liwatoni na kifurushi cha karatasi ya kaki. Alisalimia kwa utaratibu wote, hali, nyumbani, kazi, na Kadzo alijibu kila salamu kwa neno moja.

"Yule msichana wako hafanyi vizuri na timu ya mkoa," Kenga alisema. "Mwalimu wao analalamika. Msichana mwenyewe asema hawezi bila lile... lile dirisha. Kamati imeonelea utengeneze jingine. Mechi za Nairobi ni mwezi ujao."

"Kamati imeonelea."

"Nimekuletea na vitambaa." Alifungua kifurushi. Vilikuwa vipya, vimekatwa sawasawa: buluu, manjano na kijani. "Ili pasiwe na maneno."

Bi Nyevu alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo na leso.

"Maneno yapo," Kadzo alisema. "Yalisemwa Marikiti mbele ya watu sita. Uniandikie karatasi kwamba vile vilikuwa vifaa vya kufundishia, uisome mle mle chumbani. Nitatengeneza madirisha kumi."

"Dada, yamepita hayo."

"Kwako. Mlinzi wa shule mpaka leo akiniona anavuka barabara."

Kenga alitazama saa. "Karatasi haiwezekani. Kamati haiwezi kujirudi."

"Basi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Alichouliza mtu wa Nairobi. Yeye hakujua kitu, akauliza. Wewe ulijiona unajua. Niulize hapa, wenzangu wasikie: Kadzo, nyekundu ni ya nini? Nikujibu. Utoke na dirisha lako."

Banda zima lilikuwa limeacha kushona. Kenga alifungua mdomo. Kwa nukta kadhaa ilionekana kama angeweza. Kisha akazipanga kalamu zake mfukoni, akasema kwamba ana kazi bandarini, akatoka. Vitambaa aliviacha juu ya benchi. Vilikaa pale mpaka Alhamisi, fundi wa mashine alipovichukua akapangusia mafuta.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya kazi, Kadzo alisimamisha fito mbili nyuma ya banda, akakaza nyuzi, akatundika wavu. Aliitoa leso ya mamake mkobani. Aliitandaza kwenye magoti, akatafuta palipozidi nyekundu, akaingiza mkasi. Bi Nyevu aliyekuwa akimwangalia aligeuza uso.

Becky alifika Ijumaa saa kumi na nusu. Alilitazama dirisha, akavitambua vile vitambaa. Alivua viatu vya shule, akavaa raba, akasimama futi arobaini.

"Nyekundu," Kadzo alisema.

Mpira ulipita chini ya kitambaa, ukatikisa wavu.

"Bega hilo. Unasukuma."

"Naam."

"Nyekundu, nimesema!"

Aliita kwa nguvu zake zote, kwa ile sauti aliyoizuia Jumamosi nzima nyuma ya seng'enge, na wapakuzi wa samaki gatini wakageuka kutazama.